Sura ya Saba: Menyu Tupu

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga gizani, taratibu kwanza, kisha kwa pupa, kama meno ya mtu aliyeshikwa na homa. Inspekta hakuwasha taa. Alinyoosha mkono akazima jiko kwa kupapasa, asije akawaamsha watoto waliolala chumba cha pili, akarudi kwenye meza ya jikoni. Mwanga pekee mle ndani ulikuwa wa kompyuta yake ya mkononi. Nje alfajiri ilikuwa bado inasitasita, na mvua ya rasharasha ilipiga bati bila haraka.

Mezani palikuwa na diski ya nje, yake mwenyewe, nyeusi, nyembamba kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichobaki nusu. Hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani. Jana, Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni, koti lake begani, akasema:

"Kesho mchana faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Kama una la kuongeza, ongeza kabla sijatia sahihi. Kama huna, yule mwanamke ni muuaji wa mama mkwe wake, na sisi tuna kesi nyingine za kufanya."

Yule mwanamke alikuwa mshonaji, mke wa kinyozi. Mama mkwe wake alikutwa chini ya ngazi za nyuma za nyumba yao, shingo imevunjika. Siku hiyo hiyo asubuhi majirani walikuwa wamewasikia wawili hao wakigombana hadi sauti zikapita ukuta. Sasa, ukumbi wa nyuma ulikuwa na kamera ndogo, kinyozi aliiweka baada ya kuibiwa nguo kambani. Kila ilichokiona kilihifadhiwa kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta ya sebuleni. Lakini jioni ile ya msiba umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ikagoma kuwaka. Polisi walipokwenda kuichukua diski ya kamera, waliikuta tupu, haina hata faili moja.

Mkuu alihitimisha palepale. Aliyefuta ndiye mwenye la kuficha, na aliyeshinda ndani na kompyuta ile ni mke wa kinyozi. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akafunga mjadala.

Inspekta hakuwa na ugomvi na hitimisho hilo. Ugomvi wake ulikuwa na haraka yake. Kompyuta yenyewe haikuwahi kufunguliwa na polisi hata mara moja, kwa sababu moja tu: haikuwaka. Na kompyuta isiyowaka si lazima iwe imekufa. Mara nyingi ni kama nyumba ambayo mwenye ufunguo amezimia ndani. Huvunji ukuta. Unatafuta mlango mwingine.

Mlango mwingine ndio aliokuwa akiutengeneza. Zamani ilibidi mtu abebe flashi chungu nzima, hii ya kuwashia kompyuta, hii ya kupima kumbukumbu, hii ya kutoa nakala, hii ya kutafuta vilivyofutwa, na siku ya kazi ile unayoitaka ndiyo uliyoisahau nyumbani. Sasa kulikuwa na programu inayoigeuza diski moja kuwa na milango yote. Unaisimika mara moja, halafu unanakili ndani yake mifumo unayoitaka, kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Ukiwasha kompyuta mgonjwa kwa diski hiyo, inakuletea menyu, unachagua.

Hatari yake ilikuwa moja. Mwalimu aliyemfundisha kompyuta kwenye masomo ya jioni alikuwa akiirudia mpaka wanafunzi wakawa wanaimalizia wenyewe kwa kicheko: "Programu hii haina huruma. Ukiionyesha diski, inaifuta. Inauliza mara mbili. Mara ya tatu..." Na darasa zima: "Haiulizi!"

Kwa hiyo Inspekta alichomoa kila kitu kwanza. Simu iliyokuwa ikichaji, akaichomoa. Flashi yenye picha za watoto wake, akaichomoa na kuiweka juu ya friji kabisa, mbali na mkono. Akaangalia orodha kwenye kioo: diski moja tu. Akalinganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa mgongoni mwa ile iliyokuwa mezani. Ndipo akabonyeza. Programu ikauliza, akajibu. Ikauliza tena, akajibu. Halafu akanakili mifumo minne aliyoihitaji, akazima, akawasha upya kuijaribu. Menyu ikatokea, mistari minne, imepangana vizuri kama watoto wa shule mstarini.

Simu ikatetemeka mezani. Alikuwa Koplo.

"Mama Waya, niko nje na gari."

"Nani Mama Waya?"

"Samahani. Inspekta Mama Waya."

"Subiri hapo hapo. Na usipige honi, nina watoto wamelala."

* * *

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na huyu aliyewafungulia mlango alikuwa ushahidi tosha. Ndevu zimemjaa kidevuni, shati limevaliwa kinyume. Nyuma ya goti lake alichungulia msichana mdogo mwenye nywele zilizofumuliwa upande mmoja, upande wa pili bado una mabutu ya zamani.

"Shikamoo," mtoto alisema. "Mimi naitwa Chiriku lakini siyo jina langu. Baba anajua kunyoa lakini hajui kusuka. Mama ndiye anajua. Huo mfuko una nini?"

"Marahaba, mama. Una kazi."

"Kazi gani?"

"Chiriku," baba yake alisema, "watu wazima wanaongea."

Sebule ilikuwa na mapazia yaliyofungwa na harufu ya vyumba visivyofunguliwa madirisha. Koplo alifungua pazia moja. Kompyuta ilikuwa pembeni, juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa kama maiti. Inspekta aliondoa kitambaa, akapiga picha waya zote kama zilivyokuwa, ndipo akachomeka diski yake na kushikilia kitufe cha menyu. Feni ilikoroma. Kioo kikawa cheusi, kikabaki cheusi. Mistari minne ikatokea.

"Imefufuka!" Koplo alisema.

"Haijafufuka. Inaota ndoto ya diski yangu. Ya kwake yenyewe bado imelala, na hatuiamshi. Tunasoma tu, hatuandiki hata nukta."

Kinyozi alisimama mlangoni, mikono amekunja. Inspekta aliongea naye huku macho yakiwa kwenye kioo.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Dukani kwangu. Nina watu sita waliokaa kwenye kiti changu, waulize."

"Wameulizwa. Ugomvi wa asubuhi uliusikia?"

"Nilikuwa nimeshatoka. Nimesimuliwa na jirani, kama ninyi."

"Alikusimulia nini?"

Kinyozi alitazama sakafu. "Kwamba mama alipiga kelele, 'Unahamisha hamisha vitu vyangu, unataka kuniua?' Hivyo hivyo. Unataka kuniua. Mara tatu." Akainua uso. "Afande, mimi nimekatika katikati. Nikilia kwa ajili ya mama, ninamhukumu mke wangu. Nikimtetea mke wangu, ninamkanyaga mama kaburini. Niambie mimi nilie upande gani?"

Inspekta alikuwa amekipata alichokitafuta. Kompyuta hukumbuka vifaa vilivyowahi kuchomekwa, na kila diski ina namba yake ya kuzaliwa ambayo hailingani na ya nyingine. Diski iliyokuwa ikipokea picha za kamera, miezi yote, namba yake iliishia 419.

"Koplo, lete kielelezo."

Koplo alitoa mfuko wa plastiki uliotiwa lakiri, ndani yake diski nyeusi waliyoichukua nyumba hii hii. Inspekta aliukata mbele ya kinyozi, akamwonyesha, akaigeuza.

Iliishia 802.

Aliichomeka, bado kwa kusoma tu, akaipitia kutoka mwanzo. Diski iliyofutwa hubaki na makovu, vipande vya mafaili, majina yaliyokatika mkia. Hii haikuwa na kovu hata moja. Sifuri, sifuri, sifuri, hadi mwisho wake.

"Hii haijafutwa," alisema polepole. "Hii haijawahi kuandikwa kitu tangu itoke kiwandani. Na siyo diski ya kamera."

Wakati huo Koplo, ambaye mikono yake haikujua kutulia, alikuwa akipekua juu ya kabati. Akashuka na boksi dogo la karatasi ngumu, vumbi limelijaa.

"Afande! Boksi la diski. Lilikuwa limefichwa huku juu."

"Halijafichwa," kinyozi alisema, sauti imepanda. "Limewekwa. Kuna tofauti. Ndilo lililokuja na diski ya kamera, nimelitunza kwa sababu ya garantii."

"Ulibadilisha diski, ukaficha boksi..."

"Koplo, soma namba," Inspekta alisema.

Koplo alisoma. "Nne, moja, tisa."

"Mtu aliyeiba diski hatunzi boksi lenye namba yake. Angelichoma moto." Inspekta alimgeukia kinyozi. "Kati ya siku ya kifo na siku tuliyokuja, nani aliigusa kompyuta hii?"

"Hakuna. Ni Dokta tu."

"Dokta nani?"

"Fundi wa kompyuta, yule wa barabara ya juu. Kila mtu humwita Dokta. Nilitaka picha ya mama, ya kuweka kwenye jeneza, na picha zote zilikuwa humu. Akaja, akashughulika kidogo, akasema imemshinda."

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza nani *aliyefuta kamera*. Yeye alikuja kwa ajili ya picha." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Na nyumba ilikuwa imejaa watu wa msiba, Afande. Ningekumbuka nini?"

"Cherehani ya Mama ilikuwa pale," Chiriku alisema ghafla, akionyesha kidole kuelekea ukumbi wa nyuma. "Sasa iko kule."

"Chiriku, nimesema nini?"

Inspekta alimtazama mtoto, akatazama ukumbi, halafu saa. Akachomoa diski yake.

* * *

Juu ya mlango wa duka la Dokta kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mkono, na msalaba mwekundu umechorwa pembeni. Ndani, kompyuta zilizokufa zilirundikana mpaka dirishani, mwanga ukawa unapenya kwa shida. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe.

"Karibuni, karibuni! Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa ni wa kinyozi," Inspekta alisema.

Uchangamfu ulibaki mdomoni, machoni ukaondoka.

"Ah, ile. Ile nilimwambia ubao wake mkuu wa ndani umeungua. Pole yake na msiba."

"Ubao haujaungua. Nimeiwasha asubuhi hii. Wewe ulikwenda na nini?"

"Na... zana zangu za kawaida."

"Zipi?"

"Diski ya uokoaji, Afande. Hii kazi bila hiyo ni kama kinyozi bila mkasi." Alicheka peke yake.

"Nione hiyo diski."

"Imeharibika."

"Nione iliyoharibika."

Dokta alipangusa mikono kwenye suruali. Alizunguka meza, akavuta funguo shingoni, akafungua droo ya chini. Alichokitoa kilikuwa kimeviringishwa kwenye kitambaa cha kufutia vioo. Diski nyeusi, nyembamba. Mgongoni ilikuwa imebandikwa stika kubwa ya duka lake.

Inspekta hakuigeuza. Aliomba kompyuta yoyote inayofanya kazi, akaichomeka, akaiwasha. Wote watatu waliinama. Kioo kikawa bluu, menyu ikatokea, na ndani ya menyu hakukuwa na kitu. Fremu tupu, mshale mdogo unapepesa, unasubiri kuambiwa uchague.

"Mbona inawaka vizuri?" Inspekta aliuliza.

Dokta alirekebisha utepe wa miwani.

"Tusaidiane, ndugu yangu, wewe ndiye mtaalamu. Mtu anasimika programu ya milango mingi kwenye diski. Hatua inayofuata ni nini?"

"Ananakili mifumo."

"Inachukua muda gani?"

"Siyo mrefu."

"Sasa wewe, fundi wa miaka yote hii, umesimika menyu halafu hukuweka ndani hata mfumo mmoja. Mpishi amewasha moto, amebandika sufuria, halafu amesimama anaiangalia inaungua. Kwa nini? Ni nini kilichokushika mkono?"

Mvua iliongezeka nje.

"Mtu huacha hapo katikati kwa sababu moja tu," Inspekta aliendelea. "Ameangalia pembeni, akaiona diski yake mwenyewe bado iko pale, safi, haijaguswa. Akajiuliza: kama yangu ni ile, hii niliyoifuta ni ya nani?"

Alishika ukingo wa stika kwa ukucha, akaibandua. Namba iliishia 419.

Dokta alikaa chini, juu ya kompyuta mbovu, ikalia kwa uzito wake.

"Zilikuwa pacha," alisema. "Aina moja, ukubwa mmoja, rangi moja. Yangu ya zamani ilikufa, nikanunua mpya asubuhi ile ile, nikasema nitaitengeneza palepale kwa kinyozi. Halafu nikaona ile ya kamera, nikasema, Dokta, kabla hujagusa chochote, itolee nakala kwanza. Nilitaka kufanya vizuri, Afande! Nikachomeka zote mbili kwa pamoja kwenye kompyuta yangu ya mkononi niokoe muda. Watu wanalia chumba cha pili, mtu ananiletea chai, mwingine ananiuliza picha iko wapi..."

"Ikakuuliza mara mbili."

"Ikaniuliza mara mbili. Nikasema ndiyo mara mbili."

"Halafu?"

"Nikaona nimefuta ya kamera. Nikaacha yangu mpya pale, nikaondoka na ya kamera, nikisema nitairudisha ikiwa nzima. Nilipofika hapa nikaogopa hata kuichomeka. Halafu nikasikia mmemkamata yule mama."

"Ukasikia. Ukafanya nini?"

"Nilidhani mtaona wenyewe kuwa hana hatia."

"Tungeona na nini?" Inspekta aliuliza, bila kupandisha sauti. "Macho yetu uliyafungia kwenye droo."

Dokta alivua miwani. Aliitazama ile stika iliyojikunja sakafuni, na machozi yakamtoka kama mtoto, bila kujificha.

"Funga duka," Inspekta alimwambia. "Utakuja kuyasema haya haya kituoni."

Garini, Koplo alisubiri mpaka walipokata kona. "Kwa hiyo zimekwenda? Picha za kamera?"

"Alichofuta ni kama orodha ya yaliyomo mwanzoni mwa kitabu. Kurasa zenyewe ziko palepale, mpaka mtu aandike juu yake. Angenakili mifumo yake, angezifukia. Hakuthubutu." Aliishika diski mapajani kwa mikono miwili, kama yai. "Woga wake umemweka mwanamke wa watu rumande. Huo huo woga ndio uliotunza ushahidi wake. Sasa sijui nimshukuru au nimpige."

"Mpige kwanza, Mama Waya. Shukrani haiozi."

* * *

Kituoni, Inspekta hakuipekua diski kabla ya kutoa nakala. Nakala ikaanza kwenda, mstari wa kijani ukijaa taratibu, na Mkuu akapita mlangoni mara ya kwanza, akatazama, akaondoka bila neno. Inspekta aliutumia muda huo kushuka mahabusu.

Mshonaji alikuwa amekaa juu ya blanketi alilolikunja pembe kwa pembe. Alipomwona Inspekta hakuuliza kesi imefikia wapi.

"Chiriku amesukwa?" aliuliza.

"Upande mmoja amefumuliwa."

"Baba yake huyo." Alitabasamu kidogo, tabasamu likakosa pa kukaa.

"Nina swali moja tu. Mlikuwa mnagombania nini?"

"Cherehani, Afande. Ilikuwa pale juu ya ngazi tangu nilipoolewa. Pana giza, nikaisogeza dirishani nipate mwanga, nina nguo za shule za watu. Asubuhi akapita, akaigonga kwa goti, akanibadilikia."

"Aliigonga? Kukiwa kweupe?"

"Mchana kweupe! Ndiyo maana nikakasirika. Nikaona ni visa vya mama mkwe tu, anagonga makusudi apate la kusema. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia nitairudisha mchana huo huo, sikuirudisha."

"Alikuwa anasoma? Anatazama televisheni?"

"Alisema macho yamechoka. Chiriku ndiye humsomea." Mshonaji alinyanyua uso. "Kwa nini?"

Inspekta alipanda ngazi za kituo mbili mbili.

Programu ya kutafuta vilivyofutwa ilianza kutoa mafaili bila majina, namba tu. Mengi yalikuwa mabovu. Mkuu alipopita mara ya pili alikuwa na faili na kalamu mkononi, na safari hii hakuondoka. Walilipata la siku ile karibu na mwisho.

Kamera haikuwa na sauti. Ukumbi mtupu, mwanga wa alasiri. Mlango wa chumba ukafunguka, mama mzee akatoka, kitambaa kichwani, akasimama. Midomo yake ilicheza. Akanyoosha mkono wa kushoto pembeni, chini kidogo, kiganja wazi, akausimamisha pale hewani. Akasubiri. Midomo ikacheza tena. Mkono ulibaki umenyooshwa, haukupokea kitu.

"Anaomba nini?" Mkuu aliuliza.

"Sijui bado."

Mwishowe mama mzee aliushusha mkono. Akaweka kiganja cha kulia ukutani, akaanza kutembea, pole pole, vidole vikitambaa. Ukuta ukaisha. Akanyoosha mkono mbele, pale cherehani ilipokuwa imekaa miaka yote, akapapasa hewa. Hakuikuta. Basi akadhani, kama ambavyo yeyote angedhani, kuwa bado hajafika penye ngazi. Akapiga hatua nyingine.

Inspekta alisimamisha picha kabla ya kinachofuata, akairuka, akaendelea mbele. Baada ya muda mshonaji aliingia mbio kutokea mlango wa mbele, ndoo ya maji bado mkononi, akaitupa.

Koplo alikohoa. Mkuu alikaa kwenye kiti cha wageni.

"Hakuna aliyemsukuma," alisema.

"Hakuna, Mkuu. Alikuwa haoni. Cherehani ndiyo iliyokuwa alama yake ya mwisho kabla ya ngazi. Alipomfokea mkwe wake kuwa anataka kumuua, hakuwa anatukana. Alikuwa anaogopa."

"Mama haoni, na mwanawe wa kumzaa asijue?"

"Alijua nyumba yake kwa vidole. Nipe dakika chache nikuthibitishie kwa siku za nyuma."

Mkuu aliirudisha kalamu mfukoni, kwa shida, kana kwamba mfuko umepungua ukubwa. "Koplo, mtoe yule mama. Na umpigie mumewe simu."

Kinyozi alifika haraka, amembeba Chiriku mgongoni chini ya koti lililolowa. Mshonaji aliletwa kutoka mahabusu miguu mitupu, viatu mkononi, na mume na mke wakasimama katikati ya ofisi wakitazamana kama watu waliokutana stendi baada ya safari ndefu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Inspekta aliwaeleza, kwa maneno machache, habari ya diski, ya Dokta, ya macho ya mama. Alipofika kwenye cherehani alijaribu kupita upesi. Mshonaji alielewa kabla hajamaliza. Aliketi sakafuni, palepale, na mumewe akaketi naye, akamshika kichwa. Sasa wote wawili walilia upande mmoja.

Hakuna aliyemwangalia mtoto. Chiriku alikuwa ameteleza mgongoni mwa baba yake, akasogea mpaka mezani, ambako kompyuta ilikuwa bado inaonyesha siku za nyuma, moja baada ya nyingine, jinsi Inspekta alivyoiacha. Ukumbi ule ule. Bibi anatoka, anasimama, ananyoosha mkono wa kushoto pembeni, chini kidogo, kiganja wazi. Na msichana mdogo mwenye mabutu anakuja mbio kutoka sebuleni, anatia mkono wake mle kiganjani, wanaondoka pamoja, bibi akiwa ameinua kichwa kama mtu anayeona kila kitu. Siku iliyotangulia, vile vile. Na iliyotangulia hiyo, vile vile.

Inspekta alichelewa kumwona. Alinyoosha mkono kuzima kioo, lakini mtoto alikuwa ameshageuka, anamtazama usoni, na mdomo ambao haukuwahi kukosa maneno ulitafuta kidogo kwanza.

"Siku ile Bibi aliniita, mimi nikaendelea kucheza."